Mjadala: Mila zetu ziende jukwaani kwa ajili ya watalii, au zibaki bomani?

Mwanzisha mada, Sakina, Arusha

Wakuu, naleta hoja, naomba tusitukanane. Kila yakikaribia maonesho ya utalii ya Juni, na hasa sasa uwanja wa Olmoti unapojengwa kwa ajili ya AFCON 2027, linaibuka lile wazo la kanda ya kaskazini kuwa na tamasha lake kubwa la makabila: Wamasai, Waarusha, Wameru, Wachagga, Wapare, Wairaqw, Wadatoga, hata Wahadzabe waletwe kutoka Eyasi. Zanzibar wana Sauti za Busara tangu 2004. Wasukuma wana Bulabo pale Bujora kila Juni. Sisi mgeni akishuka mlimani anaoga, analala, kesho yake huyoo KIA.

Mimi ni mwongoza watalii, kwa hiyo nina maslahi, sifichi. Nataka tamasha liwepo, ila kwa sharti moja: ngoma, chakula, shanga na muziki viende jukwaani, lakini jando, Eunoto (sherehe ya Wamasai ya morani kuvuka rika) na matambiko ya kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo la Wachagga, visiguswe. Nipingeni.

Mchangiaji, Monduli

Kaka, umechelewa. Pita barabara ya Makuyuni kwenda Karatu uwaone wale vijana wa nguo nyeusi waliojichora usoni kwa rangi nyeupe. Zamani ukimkuta kijana hivyo ulijua ametahiriwa, bado anapona, unampa heshima yake. Leo kuna waliopona kitambo, wanajipaka asubuhi ili gari la watalii lisimame. Mgeni anashusha kioo, picha tatu, noti inatoka dirishani, gari linaondoka. Hapo hakuna kamati wala laigwanani, kiongozi wa mila wa Kimasai, aliyeruhusu. Sharti lako limeshavunjwa barabarani, tena kwa bei ya soda. Bora jukwaa lenye utaratibu.

Halafu jiulize utaiwekaje Eunoto kwenye kalenda. Ile ni ya rika, si ya mwaka. Rika likishavuka, mnasubiri miaka mpaka jingine lifike. Kenya mwaka 2018 walifanikiwa kuziingiza sherehe tatu za rika za Wamasai, Enkipaata, Eunoto na Olng'esherr, kwenye orodha ya UNESCO ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Haraka! Maana yake wenyewe wanaona zinawaponyoka.

Mchangiaji, Njiro

Mimi sitaki kabisa. Leo mnapanga makabila kwenye mabanda, kesho mnapanga vyeo kwa makabila. Tulitoka huko.

Mwanzisha mada

Ndugu wa Njiro, Tamasha la Utamaduni la Kitaifa lilifanyika Songea 2024, watu wakacheza ngoma zao wakarudi kwao. Hofu yako naielewa, lakini siioni ikitokea.

Mama muuza mbege, Marangu

Nyie mnabishana utakatifu, mimi naomba niseme habari ya hela. Mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, si soda ya kutoa kwenye friji. Ndizi ziive sawasawa, zichemshwe, zilale siku kadhaa. Ulezi uoteshwe, ukaushwe, usagwe, upikwe. Msesewa, gome chungu la mti, utiwe kwa kipimo, ukizidi ni uchungu mtupu. Ikishachanganywa ndiyo imeanza kuhesabu saa zake, maana haikai. Kuna waandaaji waliniagiza madumu ya sherehe, siku ikasogezwa kwa sababu mgeni rasmi alipata safari. Mbege ikachacha yote. Malipo mpaka leo ni "tutakupigia mama".

Na waandaaji wengine nao walinichosha. Mtalii anapewa kata ya kwanza, kibuyu cha kunywea, ili apigwe picha, babu wa miaka themanini amekaa pembeni anameza mate. Kwetu kata inaanza kwa mkubwa. Hilo halihitaji bajeti, mnashindwa nini?

Mwalimu mstaafu, Old Moshi

Marahaba kwa wote, nimesoma kwa utulivu. Msiseme tamasha la kupangwa ni jambo la wageni. Miaka ya 1950, enzi za Mangi Mkuu, yaani chifu mkuu, Thomas Marealle, Wachagga walikuwa na Siku ya Wachagga, na bendera yao na wimbo wao. Mtalii hakuwepo kwenye hesabu. Ile ilikuwa siasa, na watu walivaa wakapendeza. Utawala wa machifu ulipofutwa 1963, mambo hayo yakaisha. Kwa hiyo swali langu kwa kijana wa Sakina: tamasha lako ni kwa ajili ya nani? Ukinijibu "wageni", mimi nabaki nyumbani.

Nyongeza. Hapa kwetu Mangi Meli alinyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900, na kichwa chake kinaaminika kilipelekwa Ujerumani. Wajukuu wanakitafuta hadi leo. Tukimkumbuka, mgeni anakaribishwa, akae, asikilize. Asije mtu na kipaza sauti kuniambia tumpigie makofi.

Mchangiaji, Moshi mjini

Nichangie upande wa sheria. Sheria ya hakimiliki ya 1999 inazilinda sanaa za jadi: ukizitumia kibiashara nje ya mazingira yake ya asili, unatakiwa kibali cha BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Nzuri kwenye karatasi. Lakini mtoa kibali ni baraza la taifa, wakati mwenye ngoma yuko Longido. Miaka ya 1990 ule mpango wa utalii wa utamaduni ulioanzishwa kwa msaada wa SNV, shirika la maendeleo la Uholanzi, ulikaribia jibu: Ng'iresi, Longido, Mto wa Mbu, mgeni alilipa, na sehemu ya pesa ikaingia mfuko wa kijiji. Ulipopwaya ni pale flaikacha, wale vijana wa kunasa watalii mitaani, wanapompeleka mgeni kwa njia za panya bila kupita ofisini. Tamasha lifuate mkondo wa mpango huo, ila mkataba usainiwe na kijiji kabla ya bango kuchapwa.

Mwanzisha mada

Mwalimu, shikamoo, swali lako limenibana. Nabadili pendekezo. Tamasha la kweli tayari tunalo: Desemba, Wachagga wakipanda "kuhesabiwa", yaani kurudi kwao kwa sikukuu. Mabasi yamejaa, ndafu (mbuzi mzima wa kuchoma), kisusio (supu ya mbuzi yenye damu), misa, watu wanasafisha makaburi kihambani. Tusijenge jingine. Mgeni aje wakati huo, afikie kwenye familia, kwa malipo yanayoeleweka.

Mchangiaji, Monduli

Wamasai hawahesabiwi Desemba, kaka. Umeshatuacha nje ya tamasha la kaskazini nzima.

Mama muuza mbege, Marangu

Na Desemba mbege yangu imeshaagizwa na wenye nyumba, sina ya ziada. Liwekeni Juni, na advansi niipate Mei.