Diego Suarez, 1942: je, mizinga ya Oronjia ilielekezwa upande usiofaa?

Msomaramani:
Salaam, wakuu. Nimekuwa nikisoma habari za vita vya Madagaska, na kuna jambo linalonitatiza. Bandari ya Diego Suarez, ambayo leo ni Antsiranana, ililindwa na mizinga mizito ya pwani iliyopangwa kwenye rasi ya Oronjia, na ghuba yenyewe ina mlango mmoja tu mwembamba, nao uko upande wa mashariki. Hata hivyo Waingereza walishuka pwani alfajiri ya tarehe 5 Mei 1942, na kufikia tarehe 7 bandari yote ilikuwa mikononi mwao. Wengi huandika kwamba Wafaransa walifanya uzembe kwa kuielekeza mizinga baharini na kuacha mgongo wazi. Je, maelezo hayo yanatosha? Na bandari hiyo ilitakiwa kwa sababu gani hasa?

Nahodha_Mstaafu:
Nianze na swali la mwisho, maana ndilo jepesi. Singapore ilianguka Februari 1942, na mwanzoni mwa Aprili ndege za Japani zikashambulia Colombo. Meli za Uingereza zilizokuwa katika Bahari ya Hindi zikalazimika kurudi nyuma hadi Kilindini, Mombasa. Madagaska ilikuwa chini ya serikali ya Vichy, yaani serikali ya Ufaransa iliyoshirikiana na Ujerumani baada ya Ufaransa kushindwa, na serikali hiyo ilikuwa imekwisha kuwaruhusu Wajapani kuingia Indochina. Iwapo nyambizi za Japani zingepata makao Diego Suarez, misafara yote iliyopita Mlango-bahari wa Msumbiji kuelekea Misri na India ingekuwa hatarini.

Kuhusu mizinga, naona watu huikosea heshima. Kazi ya mzinga wa pwani si lazima izamishe meli. Inatosha kama adui ataitazama njia ile na kuamua asiipite. Kwa kipimo hicho, Oronjia ilitimiza wajibu wake, kwani Admirali Syfret, kamanda wa msafara wa Waingereza, hakuthubutu kuuingiza msafara wake kupitia mlango wa mashariki. Alizunguka hadi upande wa magharibi, kwenye ghuba za Courrier na Ambararata, penye miamba na mabomu ya kutegwa majini, mahali ambapo Wafaransa waliamini kwamba hakuna meli ingeweza kupita usiku. Hatari hiyo haikuwa ya kubuni, maana manowari ndogo Auricula ililipukiwa na bomu na baadaye ikazama. Wakati huo huo manowari Hermione ilikuwa mashariki ikifyatua fataki za kumulika anga, ili walinzi waendelee kuutazama mlango wao.

Upande wa Courrier pia ulikuwa na mizinga, jambo ambalo husahauliwa mara nyingi. Makomando wa Kikosi cha 5 walipoufikia mtambo huo waliwakuta wapiga mizinga wamelala.

Bi_Kumbukumbu:
Nakubaliana na Nahodha kwa sehemu kubwa, ila hayo ya "mgongo wazi" yafaa yakanushwa moja kwa moja, kwa sababu mgongo haukuwa wazi hata kidogo. Mwaka 1900 Gallieni, gavana wa Kifaransa wa Madagaska, alimpa Kanali Joseph Joffre kazi ya kuimarisha ngome za Diego Suarez. Ni Joffre yule yule aliyekuja kuwa jenerali mashuhuri wa Ufaransa mwaka 1914. Kusini mwa Antsirane, mji wenyewe wa bandari, kulikuwa na safu ya mahandaki, ngome ndogo mbili na mizinga, na hadi leo safu hiyo hutajwa kwa jina la Joffre. Waingereza waliotembea takriban kilomita 30 kwenye joto kutoka Ambararata walikwama hapo. Walikuwa na vifaru 12 tu, na vingi viliharibiwa siku ya kwanza. Shambulio la alfajiri ya tarehe 6 nalo lilishindwa.

Mkwamo huo ulifunguliwa kupitia mlango ule ule wa mashariki. Jioni ya tarehe 6, manowari Anthony, iliyokuwa imebeba wanamaji wa nchi kavu 50 kutoka manowari kubwa ya Kiingereza Ramillies, ilizunguka ncha ya kaskazini ya kisiwa na kupenya gizani kwa kasi. Mizinga ilifyatua ikiwa imechelewa, na haikuipata. Gatini upepo uliisukuma meli mbali, ikabidi nahodha airudishe kinyumenyume na kuishikilia tezi yake, yaani sehemu ya nyuma, ukutani kwa nguvu ya mitambo, huku watu wakirukia nchi kavu mmoja mmoja. Watu 50 hawawezi kuuteka mji, lakini walizua taharuki nyuma ya safu wakati ule ule shambulio la pili lilipokuwa likianza mbele. Kwa hiyo, Msomaramani, mimi ningelaumu zamu ya usiku ule kabla ya kumlaumu aliyeipanga mizinga.

Msomaramani:
Ahsanteni sana. Na mizinga ya Oronjia yenyewe iliishaje?

Bi_Kumbukumbu:
Asubuhi ya tarehe 7 Ramillies, yenye mizinga ya inchi 15, iliishambulia rasi kwa takriban dakika kumi, na walinzi wakasalimu amri. Mji ulikuwa umekwisha kutekwa, kwa hiyo hapakuwa na sababu ya kuendelea kufa.

Nahodha_Mstaafu:
Niongeze mawili. Kwanza, kubadilisha mwenye ngome hakukuufunga mlango. Usiku wa tarehe 30 Mei nyambizi ndogo ya Kijapani ya watu wawili iliingia ghubani, ikaipiga Ramillies kwa topido na kuizamisha meli ya mafuta British Loyalty. Mzinga wa pwani hauna la kufanya dhidi ya chombo kisichoonekana.

Pili, kwa wanaouliza haya yanatuhusu nini: vita vya kisiwa havikuishia hapo. Mwezi Septemba Brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki, yenye askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza) kutoka Kenya, Tanganyika na Nyasaland (leo Malawi), ilipita Majunga, bandari ya pwani ya magharibi, na kusonga hadi Antananarivo, kisha ikaendelea kusini hadi mapigano yalipositishwa mwanzoni mwa Novemba.