Kudai "kitu fulani kimo ndani ya kingine" kwenye matakwa ya BIM: partOf, sifa ya maandishi au skripti?

Boriti
Wakuu, naandaa matakwa ya taarifa za BIM (modeli ya kidijitali ya jengo) kwa jengo la ofisi lenye ghorofa kadhaa. Mteja anataka ajue kila kitu kiko wapi na ni sehemu ya nini: pampu iko chumba gani, mlango uko kwenye ukuta upi, ngazi ni ya ghorofa ipi. Modeli zitaletwa kwa IFC4, toleo la muundo wa wazi wa faili za modeli za majengo. Njia ninazozipima ni tatu:

1. Kipengele cha partOf ("ni sehemu ya") kwenye IDS, faili la matakwa ambalo programu hulisoma na kuikagua modeli ya IFC.
2. Sifa ya maandishi kwa kila kitu, mfano Ghorofa = "02".
3. Skripti ya IfcOpenShell (maktaba ya msimbo ya kusomea IFC) inayosoma modeli na kutoa orodha ya kasoro.

Msimamizi wa mradi anaipenda ya pili kwa kuwa kila mtu anaielewa akiiona. Mimi naelemea ya kwanza, ila nataka hoja za waliokwisha kuzitumia.

Tausi_Modeli
Mkuu Boriti, ya pili iache. Kwenye IFC mahali pa kitu pameshaandikwa, kwa uhusiano kati ya kitu na ghorofa. Ukiongeza maandishi juu yake, swali moja linakuwa na majibu mawili. Mchoraji akihamisha pampu kwenda ghorofa ya tatu, uhusiano utabadilika na maandishi yatabaki "02". Programu ya ukaguzi itaipitisha pampu hiyo, maana imeulizwa tu kama sifa ipo na thamani yake inakubalika. Anayeumia ni fundi wa matengenezo anayekwenda kuitafuta.

IDS 1.0 ilipitishwa na buildingSMART, shirika linalosimamia IFC, kuwa kiwango rasmi mwaka 2024, na partOf iliwekwa kwa kazi hii hasa. Lakini usiandike "kimo ndani ya" ukadhani umemaliza, kwa sababu IFC haina uhusiano mmoja wa kuwemo. Ukuta, nguzo au pampu huingia ghorofani kwa IfcRelContainedInSpatialStructure. Chumba hakiingii hivyo: chumba ni sehemu ya ghorofa na ghorofa ni sehemu ya jengo, kwa IfcRelAggregates. Ukidai IfcSpace (chumba) iwemo ghorofani kwa uhusiano ule wa kwanza, vyumba vyote vitafeli hata modeli ikiwa safi, kwa sababu IFC4 yenyewe inakataza kuviweka hivyo. Kosa hili nakutana nalo kwenye matakwa mengi, na anayelaumiwa huwa mchoraji wakati aliyekosea ni mwandishi wa matakwa.

Pampu kuwa ya mfumo wa maji baridi ni jambo jingine tena, IfcRelAssignsToGroup. Hapo kitu kimoja kinaruhusiwa kuwa kwenye makundi mengi, tofauti na ghorofa ambayo lazima iwe moja.

MsomaMichoro
Naongezea milango na ngazi kwa kuwa umezitaja.

Mlango hauunganiki na ukuta moja kwa moja. Kuna tundu, IfcOpeningElement, linalotoboa ukuta, na mlango unaziba tundu hilo. Waandishi wa IDS waliliona hili, ndiyo maana IFCRELVOIDSELEMENT na IFCRELFILLSELEMENT zimewekwa pamoja kama chaguo moja: unadai mlango uwe sehemu ya IFCWALL (ukuta), na mkaguzi, yaani programu ya ukaguzi, anapitia tunduni mwenyewe. Ila mlango huohuo una uhusiano wake wa pili na ghorofa. Ni madai mawili, yaandike mawili.

Kwa ngazi, mkondo wa ngazi (IfcStairFlight) ni sehemu ya IfcStair kwa IfcRelAggregates, kisha IfcStair nzima ndiyo inayowemo ghorofani. Sehemu haziandikwi tena ghorofani kando ya kizima chao. Kuta za vioo nazo ni hivyohivyo: vioo na fremu ni vya IfcCurtainWall.

Chokaa
Hapa natofautiana kidogo na dada Tausi. Kutaja uhusiano si lazima. IDS inaruhusu uache sehemu ya uhusiano wazi, useme tu kitu kiwe sehemu ya IFCBUILDINGSTOREY (ghorofa), na mkaguzi atapanda ngazi kwa ngazi kupitia uhusiano wowote kati ya ile inayotambuliwa.

Chukua kiti. Baadhi ya programu hukiweka kwenye chumba, nyingine ghorofani moja kwa moja, na zote mbili ni halali. Ukitaja IfcRelContainedInSpatialStructure na ghorofa peke yake, kiti cha chumbani kinafeli, kwani kinachoangaliwa ni kilichokibeba moja kwa moja, yaani chumba. Ukiacha wazi, kiti kinafika chumbani, chumba kinafika ghorofani, kinapita. Kwa mradi wenye timu nyingi na programu tofauti, mimi naacha wazi.

Tausi_Modeli
@Chokaa kwa viti nakuelewa kabisa. Sasa jaribu njia hiyohiyo kwa mlango ambao mchoraji amesahau kuupa ghorofa. Mkaguzi atatoka mlangoni kwenda tunduni, tunduni kwenda ukutani, ukutani kwenda ghorofani, na mlango utapita ingawa wenyewe hauna ghorofa. Kasoro uliyoitafuta imekupitia katikati ya vidole.

Kuna njia inayotufaa sote wawili: taja uhusiano, kisha kwenye jina la aina weka orodha, IFCBUILDINGSTOREY au IFCSPACE. Kiti cha chumbani kinapita, cha ghorofani kinapita, na kilichoachwa kwenye IfcBuilding (jengo) au IfcSite (kiwanja) kinakamatwa.

Chokaa
Hiyo ya orodha naikubali. Kwa milango nitaitumia mimi pia.

nguzo_pacha
Msiitupe njia ya tatu haraka hivyo. partOf ina mipaka, na ni heri Boriti aijue kabla hajasaini kitu.

Inakubali aina ya mbebaji na aina yake ndogo tu. Huwezi kusema "ghorofa yenye jina 02". Kwa hiyo dai kama "milango yote ya ghorofa ya chini iwe na daraja la kuhimili moto" haliandikiki kwa partOf.

Inatazama kutoka kwa mtoto kwenda kwa mzazi. Unaweza kudai kila chumba kiwe na ghorofa, lakini "kila ghorofa iwe na angalau chumba kimoja" hutaipata. Ukiweka idadi ya chini, itahesabu vyumba vya modeli nzima, na ghorofa tupu itapita bila kuguswa.

Nguzo inayopita ghorofa tatu huwemo kwenye moja, na nyingine hutajwa kwa IfcRelReferencedInSpatialStructure. Uhusiano huo haumo kwenye orodha ya partOf.

Halafu IDS haisomi umbo. Pampu iliyochorwa chini kabisa lakini ikaandikwa ghorofa ya tano inapita. Hayo manne ndiyo kazi ya skripti au ya programu inayopima umbo. Lakini skripti isiwe ndiyo matakwa yenyewe, kwa sababu mkandarasi hana namna ya kuisoma kama sharti la mkataba, na akibadilisha programu hana cha kukagulia mwenyewe kabla ya kukabidhi. Faili la IDS analifungua kwenye programu yoyote inayoiunga mkono.

Boriti
Nashukuru sana. Nimeandika hivi, nikosoeni:

- Vyumba: sehemu ya IFCBUILDINGSTOREY, IFCRELAGGREGATES.
- Vifaa, samani, kuta, milango: wamo ndani ya IFCBUILDINGSTOREY au IFCSPACE, IFCRELCONTAINEDINSPATIALSTRUCTURE.
- Milango, kwa mara ya pili: sehemu ya IFCWALL kupitia tundu.
- Vifaa vya mabomba na hewa: sehemu ya IFCDISTRIBUTIONSYSTEM, IFCRELASSIGNSTOGROUP.
- Ghorofa tupu, na pampu kuwa chumbani kweli kiumbo: skripti, kwenye ukaguzi wetu wa ndani.

Sifa ya maandishi nimeifuta.

MsomaMichoro
Milango ya kwenye kuta za vioo itafeli dai la tatu, kwa sababu haizibi tundu, ni sehemu ya IfcCurtainWall. Itenge kwa kuweka sharti la uhusika (linalochagua vitu vinavyoguswa na dai), mfano uainishaji, ili dai liwaguse milango ya ukutani tu.

Tausi_Modeli
Na kagua toleo la IFC kwenye kila dai. Mkija kudai ncha za kuunganishia mabomba, yaani IfcDistributionPort, IFC4 huzipachika kwenye kifaa kwa IfcRelNests. IFC2X3, toleo la zamani, hutumia IfcRelConnectsPortToElement ambayo partOf haiitambui, hivyo dai hilo lifungie IFC4 peke yake.