Petroli na umeme kwenye laini moja: kituo cha 58 kinanishinda, naombeni uzoefu

Mama_Zamu

Habari za kazi ndugu zangu.

Nasimamia zamu ya pili kwenye kiwanda cha kuunganisha magari, upande wa mwisho. Bodi inatufikia ikiwa imeshapakwa rangi, na inatoka kwetu ikijiendesha kwenda kwenye majaribio. Laini haisimami, inasogea polepole muda wote, na kila kituo kina sekunde 76. Tangu nianze kazi tumeunda magari ya petroli na dizeli tu. Sasa limekuja toleo la umeme la gari lilelile, na uongozi umetuletea njia tatu tuzitolee maoni ndani ya wiki mbili: kujenga laini ya umeme pembeni, kubadili laini yote iwe ya umeme, au kupitisha yote kwenye laini tuliyonayo.

Jumamosi iliyopita tulijaribu njia ya tatu. Bodi sita za umeme zilichanganywa na za petroli. Nilianzia kituo cha 41, panapofungwa tangi la mafuta. Gari la umeme lilipofika, vijana wangu wawili walirudi nyuma hatua moja, mikono mitupu, wakalisindikiza kwa macho mpaka likapita. Nikakimbilia kituo cha 58, panapochomekwa nyaya za volti kubwa. Pale nikamkuta fundi wangu mmoja, mzoefu sana, ameinama mpaka kiunoni ndani ya boneti. Waya mnene wa rangi ya chungwa umekakamaa kama mwanzi, anauvuta kwa mkono wa kushoto, wa kulia unasukuma soketi, soketi haikai. Taa ya njano, taa nyekundu, laini ikasimama. Siku ile ilisimama mara tatu, zote hapo.

Nimepima kwa saa. Kituo cha 58 gari la petroli linachukua sekunde 60. La umeme, 96.

Wenzangu wanasema jibu ni kuongeza roboti. Mimi sioni roboti itaingia wapi hapo. Waliopitia haya walifanyaje? Na je, kuchanganya kunawezekana kweli, au tunajidanganya?

Nati_M12

Mama Zamu, pole na majukumu. Ushauri wangu ni mfupi: tenganisheni. Gari la umeme halina tangi, halina ekzosi, halina mabomba ya mafuta, halijazwi oili ya injini. Likipewa laini yake, laini inakuwa fupi na kila fundi anajua kazi yake. Ukichanganya, unabeba vituo vya petroli ambavyo gari la umeme linavipita bure, na kuna siku fundi atachoka kufikiri atafunga kitu kisicho cha gari hilo.

Volkswagen walifanya hivyo Zwickau, Ujerumani. Golf ya mwisho, gari lao la mafuta, ilitoka Juni 2020, kiwanda kizima kikawa cha umeme. Sioni kwa nini mhangaike na mchanganyiko.

MpangaLaini

Mama Zamu, nimefanya kazi ya kupanga laini kwa miaka 22, na maelezo yako ya vijana wa kituo cha 41 yamenigusa, kwa sababu jibu la kituo cha 58 limesimama palepale na mikono mitupu. Nitafika huko, nivumilie.

Kwanza nimjibu ndugu Nati. Ni kweli laini ya aina moja ni rahisi kuendesha, sibishani. Shida inakuja soko likiyumba. Hiyohiyo Zwickau, mwaka 2023 oda za magari ya umeme zilipopungua, walipunguza zamu na baadhi ya mikataba ya muda haikuongezwa. Golf ilikuwa imeshaondoka, hapakuwa na gari lingine la kujaza pengo. Ford nao mwaka 2023 walitangaza kwamba kiwanda chao cha Oakville, Kanada, kitageuzwa kiwe cha umeme. Mwaka uliofuata wakabadili, wakasema kitaunda Super Duty, pikapu kubwa za mafuta. Mpango wa magari huchukua miaka, mnunuzi hubadili mawazo kwa miezi.

Na mimi yamenikuta. Kiwanda nilichokuwa zamani kiliamua kuhama kabisa. Nilikuwepo siku winchi za kuinulia matangi zilipokatwa kwa gesi zikauzwa vyuma chakavu. Haikutimia miezi kumi, oda za petroli zikarudi juu na tukaambiwa tununue winchi mpya. Waliokuwa wakizitumia tulikuwa tumeshawaaga. Nilipiga simu kwa wawili kuwaomba warudi, mmoja hakupokea. Lile bado linaniuma mpaka leo. Winchi iliyokaa juu haili chochote. Kama mtabadili laini, msikate kitu mpaka mwaka uishe.

Sasa kituo chako. Watu wengi wakisema laini nyumbufu, yaani inayopitisha magari ya aina tofauti, wanafikiria mashine inayojua kila gari. Mashine si tatizo kubwa, kisoma msimbo kwenye bodi kinaiambia roboti gari gani limefika na inabadili programu. Kinachouma ni muda. Fuatana nami kwa namba zako mwenyewe.

Umeme 96, petroli 60, kipimo cha laini 76. Gari la umeme likifika, fundi wako anachelewa sekunde 20. Anamalizia akitembea na gari kuingia eneo la jirani. Kama kituo kina urefu wa mita 6, sekunde 20 ni karibu mita 1.6, jirani anamvumilia. Likifuata la petroli, anarudisha sekunde 16, karibu yote. Lakini yakifuatana mawili ya umeme, amechelewa sekunde 40, yuko zaidi ya mita 3 ndani ya kituo cha mwenzake, anagongana naye mgongo, na waya wa mashine yake ya kukazia umekwisha. Hapo ndipo anavuta kamba na laini inasimama. Nina hakika ukiangalia orodha ya Jumamosi utakuta magari yaliyosimamisha laini yalikuwa yamefuatana.

Halafu angalia hili. Hata ukiyapanga vizuri kiasi gani, wastani wa kituo haupaswi kuzidi 76. Piga hesabu: magari ya umeme yakivuka asilimia 44 ya yote, wastani wa kituo cha 58 umezidi kipimo na hakuna mpangilio utakaokiokoa. Kwa hiyo uongozi wakikuuliza kama laini inaweza kuchanganya, usijibu ndiyo wala hapana. Jibu: leo inaweza mpaka asilimia 44, na kinachozuia ni kituo kimoja. Kila kituo kina kikomo chake. Vipime vyote, viandike kwenye karatasi moja, ndipo mtajua nini kinunuliwe na nini hakina haja.

Turudi kwa wale vijana wawili. Gari linalomchelewesha fundi wa 58 ndilo lililowaacha wao bila kazi pale 41. Ni gari lilelile. Katika muda liliowaachia, wape kazi yake. Najua soketi haiwezi kuchomekwa kabla betri haijapanda, na betri yenu bila shaka inapanda kwenye kituo cha ndoa, pale bodi inaposhushwa juu ya mitambo, katikati ya 41 na 58. Lakini kuulaza waya kwenye njia yake, kuubana na vibanio, kuuelekeza mdomo wa soketi upande unaotakiwa, haya yote hayahitaji betri. Yapelekeni 41. Ukihamisha sekunde 25 tu, kituo cha 58 kinabaki na 71, chini ya kipimo. Ile asilimia 44 imefutika, na hujanunua roboti hata moja.

BMW walianza kuunda i4, gari lao la umeme, kwenye kiwanda cha Munich, Ujerumani, mwaka 2021, kwenye laini moja na magari ya petroli na dizeli. Wenyewe wameshasema mwisho wa 2027 kiwanda hicho kitakuwa cha umeme pekee, na sioni kama hilo linapinga kuchanganya. Kuchanganya kuliwavusha miaka ile ambayo hakuna aliyejua mnunuzi atataka nini.

Mambo mawili ya haraka ambayo msipoyaangalia sasa yatawagharimu. Vining'inizo vya juu vinavyobeba gari baada ya ndoa: vilihesabiwa kwa uzito wa gari la petroli. Pakiti ya betri peke yake huwa kilo mia kadhaa, kwa hiyo mwiteni mhandisi apime upya vining'inizo, reli na bolti za darini. Na kwenye kituo chenyewe cha ndoa, tumieni sinia la aina moja. Kwa petroli linabeba injini, giaboksi na ekzosi. Kwa umeme linabeba betri na mota. Pini za kulenga zikae palepale kwa yote mawili. Sinia lipangwe pembeni, nje ya laini, ambako fundi akihitaji dakika tano zaidi hakuna anayesubiri.

Glavu_Salama

Mimi ni fundi umeme wa volti kubwa, nimefurahi mzee MpangaLaini ameeleza vizuri. Naongeza la kwangu.

Mama Zamu, huyo fundi wa 58 asilaumiwe. Waya ule ukikaa stoo ya baridi unakuwa mgumu, na ukifika kwenye laini hivyohivyo, hata mwenye mikono ya chuma atahangaika. Leteni kreti za nyaya kwenye eneo la laini zamu moja kabla. Soketi nyingi za aina hiyo zina hatua mbili: kwanza unasukuma mpaka isikike, halafu unasogeza kifungio cha pili. Kifungio kikigoma, maana yake hatua ya kwanza haijakamilika, na kusukuma kifungio kwa nguvu kunavunja kidole cha plastiki. Wafundisheni kusikiliza mlio na kuvuta kidogo kuhakikisha. Karakana ina kelele, kwa hiyo kidole cha fundi kijifunze kuhisi ule mshtuko mdogo.

La muhimu kuliko yote: pale 58 lazima mkato wa usalama wa betri uwe umefunguliwa, yaani njia ya umeme imekatwa, ili mtu anayechomeka asiwe anagusa njia yenye umeme. Volti zikizidi 60 za mkondo mnyoofu tayari ni eneo la hatari, na hizi pakiti ni 400 au 800. Mkato ufungwe, yaani umeme uruhusiwe kupita, mara moja tu, kwenye kituo kimoja kilichozungushiwa alama, baada ya kupima kwamba umeme hauvuji kwenda kwenye bodi. Kwenye laini ya mchanganyiko hatari kubwa ni mazoea. Fundi amepitisha magari kumi ya petroli, la kumi na moja ni la umeme na mkono unaenda kwa mazoea. Wekeni kitu kikubwa juu ya boneti, kifuniko cha rangi kali, kinachoonekana kutoka mita 20. Maandishi kwenye skrini hayatoshi.

Nati_M12

Hesabu ya 44 imenifungua macho. Swali kwa mzee: mpangilio ukivurugika je? Kwetu bodi zinaingia karakana ya rangi kwa foleni moja, zinatoka kwa foleni nyingine kabisa, maana zenye dosari zinarudishwa kupakwa tena.

MpangaLaini

Umeuliza penyewe. Ndiyo maana panahitajika nafasi ya kuegesha bodi kati ya rangi na laini ya mwisho, ili uzitoe kwa mpangilio unaoutaka. Laini isiyo na nafasi hiyo inategemea bahati. Kwa Mama Zamu ningeanza na sheria moja tu kwenye kompyuta ya upangaji: magari mawili ya umeme yasifuatane, mpaka kazi ya waya itakapohamia 41. Ikishahama, sheria iondolewe. Sheria zikirundikana, siku moja kompyuta inakosa gari la kutoa na laini inasimama huku bodi 30 zimeegeshwa.

Mama_Zamu

Nimerudi. Nimeangalia orodha ya Jumamosi. Mara mbili kati ya tatu laini ilisimama kwenye gari la pili la umeme lililofuatana na la kwanza. Mara ya tatu ilikuwa soketi yenyewe, kifungio kilivunjika kama Glavu alivyosema.

Nimekaa na vijana wa 41 wakati wa mapumziko, nikawaeleza kazi ya waya. Mmoja akaniuliza kama hiyo ina maana tangi likiisha kiwandani, yeye bado ana kazi. Nilitaka kumjibu ndiyo nikashindwa, kwa sababu si mimi ninayeamua. Nimwambie nini?

MpangaLaini

Mwambie ukweli kwamba huamui wewe. Halafu mwandikie kwenye jedwali la ujuzi kwamba anajua kulaza nyaya za volti kubwa, na umwombee kwa maandishi mafunzo ya usalama wa umeme sasa, wakati tangi bado lipo na uongozi unamhitaji pande zote mbili. Wale wawili niliowapigia simu hawakuwa na kitu kwenye faili zaidi ya "fundi tangi". Ndiyo maana walipotafutwa wa kupunguzwa, majina yao yalikuja ya kwanza.

Mama_Zamu

Ahsante sana. Fomu za mafunzo nimejaza leo, za wote wawili pamoja na fundi wa 58. Jumamosi hii tunapitisha bodi nane za umeme, nyaya zikilazwa 41, na kreti zimeshaingia ndani tangu jana. Nitasimama 58 na saa mkononi, nitaleta namba.