Kokoto za reli ya modeli nabandika na nini?

mtoto_wa_makupa: Wadau salaam, naunda reli ndogo ya skeli HO, yaani 1:87, nataka ifanane na ile ya zamani ya upana wa mita moja. Kokoto katikati ya mataruma nazishikisha vipi zisiruke, na mchanga wa Nyali si utafaa?

fundi_taruma: Ule una chumvi bwana, uoshe na maji ya mfereji, anika, chekecha. Tandaza na brashi kavu, nyunyiza maji yenye tone la sabuni ya vyombo, ndo udondoshe gluu nyeupe ya mbao ilozimuliwa nusu kwa nusu, tumia sirinji. Bila sabuni gluu yasimama matone juu juu tu haingii. Kwenye swichi, pale njia inapogawanyika, nenda polepole, zikigandana basi tena.

bi_garratt: Na kaka, njia ya kawaida ya HO, milimita 16.5, ni ya SGR hiyo, mita kwa HO ni milimita 12. Chukua ya nikeli-silva, chuma kwa hewa yetu hii chaliwa na kutu.

mtoto_wa_makupa: Shukran dada. Garratt ya klasi 59, ile injini kubwa ya mvuke, je, rangi?

bi_garratt: Damu ya mzee, halafu paka unga wa chaki nyeusi karibu na dohani, mpya mno haipendezi.