Jina langu limeshaandikwa kwenye muhtasari wa kikao ambacho hakikukaa. Nisaini?

Fundi Cherehani
Shikamooni walio wakubwa zangu, wengine habari za jioni. Niko Tanga mjini, upande wa Ngamiani. Mtaa wenyewe sitautaja, maana huku tunajuana wote na sitaki mtu achafuke jina kabla sijajua haki iko wapi.

Mimi ni fundi cherehani. Tangu uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024 ni mjumbe wa kamati ya mtaa kupitia kundi la wanawake. Kabla ya hapo cheo changu kilikuwa mweka hazina wa kikoba tu. Kazi za kamati ni zile za kila siku: mtu anataka barua ya utambulisho apeleke benki, majirani wanagombea mpaka, gari la taka halijapita, ulinzi shirikishi umelegea. Naipenda kazi hii, nasema kweli. Mtu akija analia akaondoka ametulia, siku hiyo hata sindano haikatiki.

Sasa sikilizeni. Mwezi uliopita mkutano mkuu wa mtaa ulikaa baada ya alasiri. Watu walijaa kuliko siku zote kwa sababu ajenda ilikuwa vipaumbele vya bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza Julai. Mama mmoja alisimama akaeleza alivyolala na watoto juu ya meza siku mbili masika yaliyopita. Sikushangaa. Ukuta wa chumba changu cha kushonea una mstari wa maji mpaka leo, unanifika gotini. Nimepaka chokaa mara mbili, mstari unarudi. Mikono iliponyooshwa, kutengeneza mfereji wa maji ya mvua kulipita kuwa kipaumbele cha kwanza. Ukarabati wa ofisi ya mtaa ukawa wa pili, tena kwa mbali.

Baada ya hapo kamati ilitakiwa ikae, ipange vizuri yale yaliyosemwa, yaende kata. Hatukukaa. Mwenyekiti alikuwa Pangani msibani, wengine tukarudi kwenye shughuli zetu. Jumatatu hii mtendaji wa mtaa akanijia kazini na bahasha ya kaki. Ndani muna muhtasari, na nyuma yake karatasi ya mahudhurio. Tarehe ya hicho kikao ni siku ambayo mimi nilikuwa Bombo, nimempeleka mtoto kliniki. Jina langu limeshaandikwa kwa kalamu ya bluu, herufi moja imekosewa, mbele yake pameachwa nafasi ya sahihi. Wenzangu wawili wameshasaini.

Nikausoma. Kipaumbele cha kwanza: ukarabati wa ofisi ya mtaa. Nikafunua ukurasa wa pili kuutafuta mfereji. Haumo, hata kwenye mengineyo haumo.

Nilipomuuliza hakukasirika. Akasema, "Dada, mfereji ni wa TARURA, wale wakala wa barabara za vijijini na mijini, tukiuandika utarudishwa. Ofisi inavuja, hilo halmashauri wanalielewa haraka. Na kata wanautaka muhtasari Ijumaa." Nikamwomba aniachie nisome kwa utulivu, akaniachia.

Kinachoninyima usingizi ni kwamba mwenyekiti ni baba mdogo wa mume wangu. Ndiye aliyesimama kwenye posa yetu. Nikikataa kusaini ni kama nimemkatalia yeye mbele ya mtaa mzima. Nikisaini, yule mama aliyelala juu ya meza nitamtazamaje? Naombeni ushauri, na muda ni mfupi.

Kijana wa Makorora
Saini dada, maisha yaendelee. Vikao vingi vinakaa kwenye karatasi, si kwenu tu. Ukigoma utaitwa mkorofi na barua zako zote zitaanza kuchelewa. Mfereji utadai kwenye kikao kingine.

Mtendaji Mstaafu
Mwanangu, usisaini. Nimekuwa mtendaji miaka mingi, Muheza kisha hapa Tanga, na karatasi za namna hiyo nimeziona zikiwatoa watu jasho. Sahihi kwenye mahudhurio ina maana moja tu: nilikuwepo. Siku litakapozuka jambo, kadi ya kliniki ya mwanao itaonyesha ulikuwa Bombo, na karatasi ya mtaa itaonyesha ulikuwa kikaoni. Utajibu nini? Kuandika kikao ambacho hakikukaa ni kughushi, jina lake ni hilo.

La pili. Kamati haina ruhusa ya kugeuza kimyakimya yaliyoamuliwa na mkutano mkuu. Kama wajumbe wameona mfereji una tatizo la kiutaratibu, wanaandika hivyo hivyo kwamba wananchi waliamua hili, kamati imeona hili, inashauri hili. Kisha mkutano mkuu unaofuata unaambiwa. Huku mijini mkutano mkuu wa mtaa ni kila baada ya miezi miwili, kwa hiyo nafasi ipo. Ndiyo maana kwenye ajenda kuna kipengele cha yatokanayo na kikao kilichopita. Watu wanakipita mbio wafike kwenye mengineyo wakaseme ya moyoni, na mimi nimekuwa nikiwaambia miaka yote kwamba yatokanayo ndipo mtaa unapoidai ahadi yake. Muhtasari usiposema "mfereji", kikao kijacho hakuna cha kudai.

La tatu, kuhusu TARURA, mtendaji wenu amesema kweli lakini ameishia njiani. Tangu 2017 barabara za mijini na vijijini zilizokuwa mikononi mwa halmashauri zilihamia kwao, na mifereji ya kando ya barabara imo humo. Lakini TARURA nao wanahitaji kusikia kutoka mahali. Njia ni hii hii: mtaa unaandika, unapeleka Kamati ya Maendeleo ya Kata ambayo mwenyekiti wake ni diwani na katibu wake ni mtendaji wa kata, diwani anakwenda nalo kwenye vikao vya halmashauri. Diwani akisimama huko bila karatasi ya mtaa ana nini zaidi ya maneno? Mkiacha kuliandika kwa kuwa "si letu", hakuna atakayejua kwamba lipo.

Sasa nijibu: mfereji huo unapita kando ya barabara au katikati ya nyumba? Una urefu gani? Unaishia wapi? Ukitaja mfereji bila vipimo, mtu wa mipango hana pa kuanzia.

Bi Mwanzange
Mwanangu, mimi sijui mambo ya vikao, nitakuambia ya nyumbani. Mkweo usimkabili ofisini wala mbele ya wajumbe. Nenda nyumbani kwake asubuhi na mapema, mumeo awe mbele, wewe nyuma. Mpe pole ya msiba kwanza, kwani umesema ametoka Pangani kuzika, au ulishaisahau pole? Kisha mumeo akae kimya, useme wewe mwenyewe kwa sauti ya chini: baba, nimeletewa karatasi hii, nimekuja unielekeze. Usiseme nimekataa. Mpe karatasi mkononi aisome. Mtu mzima akipewa heshima ya kuelekeza, mara nyingi huelekeza kwenye haki. Na huenda hata hajaiona.

Fundi Cherehani
Bi, nashukuru sana, hilo la pole limenigusa, nilikuwa nimetuma salamu tu.

Baba Mstaafu, nilikuwa sijui urefu. Nimetoka sasa hivi kupima. Futi yangu ya kushonea ni ya mita moja na nusu, ningekesha. Nikachukua kamba ya katani, nikaipima mita kumi kwenye meza ya kukatia, nikafunga fundo kila mita, nikaenda na binti wa jirani ananishikia upande wa pili. Kutoka kona ya barabara mpaka korongoni ni kamba kumi na saba na mafundo manne. Kamba kumi na moja za mwanzo ziko kando ya barabara. Zilizobaki zinapita nyuma ya nyumba, na huko ndiko maji yanakosimama, kwa sababu watu wameyafukia mapito kwa kifusi. Niliona hata tofali za ukuta uliovunjwa, bado mpya.

Mtendaji Mstaafu
Mita 174. Hapo umefanya kazi ya kamati nzima. Andikeni sehemu mbili: mita 110 za kando ya barabara, ombi kwa TARURA kupitia kata, mita 64 za nyuma ya nyumba, hizo mnaweza kuzianza wenyewe kwa nguvu za wananchi, kuzoa kifusi na kuchimba, kisha mkaomba halmashauri iongezee pale panapohitaji saruji. Mtaa uliokwisha kushika jembe husikilizwa upesi.

Mjukuu wa Dunda
Niko Bagamoyo. Kwetu kitongojini kulikuwa na suala la kisima, likajadiliwa mikutano mitatu, kila mtu analikumbuka kivyake. Mmoja anasema tulikubaliana kuchanga, mwingine anasema tulikataa. Daftari lilipofunguliwa halikuwa na chochote. Tukaanza upya. Tangu siku hiyo kuna mzee mmoja, mkutano ukifunguliwa tu, anasimama kabla ya salamu hazijaisha: "Tusomewe ya nyuma kwanza." Wengine wanachoka naye. Mimi namwona ndiye anayetulindia kitongoji. Dada, kuwa wewe huyo huko kwenu, hata kama watachoka.

Kijana wa Makorora
Nimesoma majibu, kwenye kusaini narudi nyuma, hilo la kadi ya kliniki sikulifikiria. Ila nimtetee mtendaji kidogo. Ofisi nyingi za mtaa hali yake mnaijua. Mvua ikinyesha mafaili yanalowa, na hayo mafaili ndiyo barua zenu na mikataba yenu ya mauziano ya viwanja. Wino na karatasi mara nyingine ananunua mwenyewe. Anadaiwa muhtasari na kata, wajumbe hawaonekani, afanye nini? Msimgeuze mwizi. Wewe mwenyewe dada umesema mlirudi kwenye shughuli zenu.

Fundi Cherehani
Ni kweli kaka, na hilo nalibeba. Siku zile tungekaa hata nusu saa tusingefika hapa. Mimi nilikuwa na sare za shule za kushona, nikasema watanitafuta. Hawakunitafuta, na mimi sikuuliza.

Bi Mwanzange
Basi anza na hilo unapokwenda kwa mkweo. Kiri lako kwanza.

Fundi Cherehani
Ndugu zangu, leo Ijumaa nimerudi kuwapa mrejesho.

Jumatano baada ya swala ya alfajiri tulikwenda na mume wangu. Mzee alikuwa barazani na kahawa yake. Nikampa pole, tukakaa kimya kidogo, kisha nikasema kama Bi alivyonifundisha, nikaanza na kosa langu la kutoulizia kikao. Nikampa bahasha. Alisoma polepole, miwani ameishusha puani, akarudia ukurasa wa pili. Akaniuliza, "Na mfereji?" Nikasema sijauona, baba. Akasema karatasi hiyo hakuwahi kuonyeshwa, aliambiwa tu kwa simu kwamba muhtasari uko tayari. Hakupandisha sauti. Alimpigia mtendaji pale pale: "Kijana wangu, kesho alasiri tukae."

Alhamisi tukakaa, wajumbe wote. Ofisini kuna ndoo imewekwa chini ya bati linalovuja, na kabati la mafaili limesogezwa mpaka katikati ya chumba kukwepa ukuta. Kijana wa Makorora, nilikukumbuka. Mtendaji akasoma mambo ya mkutano mkuu kutoka kwenye daftari lake, na niseme haki yake: daftarini mfereji aliuandika, tena na idadi ya mikono. Akaeleza aliuacha kwa sababu aliogopa mtaa ungekosa vyote viwili. Tukajadili hapo karibu saa nzima. Mjumbe mmoja kati ya wale waliotangulia kusaini alikasirika, akasema nimemfanya aonekane muongo. Nilimwomba radhi baada ya kikao. Leo asubuhi tumepishana sokoni Mgandini hakuniitikia salamu. Hilo linaniuma na sijui nilitengeneze vipi.

Muhtasari umeandikwa upya kwa tarehe ya jana. Mfereji wa kwanza, umegawanywa sehemu mbili kama Baba Mstaafu alivyosema, na vipimo vyake. Ofisi ya pili. Ukasomwa kwa sauti mwanzo hadi mwisho kabla hatujapitisha kalamu. Jina langu safari hii limeandikwa sawasawa. Nimesaini. Karatasi ya zamani mwenyekiti aliichana mbele yetu, na leo saa tatu mtendaji ameondoka na mpya kwa baiskeli kwenda kata.

Kamati ya Maendeleo ya Kata inakaa Jumanne. Mimi si mjumbe huko, anayekwenda ni mzee. Jioni hii amemtuma mjukuu wake kuja kuchukua ile kamba ya mafundo. Bado nahitaji msaada kwenye jambo moja: zile mita 64 za nyuma, kuna nyumba mbili za mwisho ambazo kifusi chao ndicho kimeziba njia, na wenyewe hawakuja mkutanoni. Aliyewahi kuwaendea watu wa namna hiyo akafanikiwa bila kufikishana kwa mtendaji wa kata, aniambie alianzaje.