Mjadala: Daktari aruhusiwe kuweka picha za wagonjwa wake mtandaoni?

Wakuu, naomba tulijadili hili kwa upande wa mgonjwa, maana upande wa daktari husikika kila siku.

Kwanza niseme ninachokiunga mkono. Daktari anayeeleza kwa Kiswahili chepesi kwa nini dawa ya presha haiachwi hata ukijisikia mzima, au dalili zipi za hatari zimkimbize mjamzito hospitali, anatusaidia sana. Kwenye foleni ya kliniki hapati nafasi ya kueleza yote hayo. Video ya dakika mbili unamrushia mama kijijini, anairudia mpaka aelewe. Madaktari wa namna hii waongezeke. (Wale wanaojiita dokta huku wakiuza virutubisho na kukuambia "njoo inbox" ni kesi nyingine, hata siwajadili.)

Ugomvi wangu unaanzia pale somo linapokuwa mwili wa mtu. Uvimbe uliotolewa tumboni uko kwenye sinia, kidonda cha mguu wa mwenye kisukari kimepigwa picha kwa karibu, na chini yake: "Tunamshukuru Mungu, operesheni imefanikiwa." Wanaotetea husema uso umezibwa, basi yamekwisha. Hayajaisha. Andika "mama wa miaka 34 kutoka wilaya fulani, alikaa na uvimbe miaka sita," halafu uone kama majirani zake watahitaji kuonyeshwa sura. Kanga aliyojifunga na tarehe ya operesheni vinatosha kabisa.

Hoja yao ya pili ni kwamba aliruhusu. Aliruhusu lini? Kesho anaingia tiata, na anayemwomba picha ndiye atakayeshika kisu. Hapo nani atasema hapana? Wengi wetu hata kuuliza dawa hii ni ya nini tunaogopa, tusije tukaonekana wajuaji. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Tanzania Mei 2023, inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti na inataka ridhaa ya maandishi. Vizuri. Lakini saini iliyochukuliwa wodini usiku wa kuamkia operesheni, mimi siiti ridhaa. Mgonjwa aulizwe akishapona, aulizwe na mtu asiyemtibu, na aonyeshwe picha yenyewe pamoja na maneno yatakayoandikwa chini yake.

Kwa watoto nina msimamo mkali zaidi. Mzazi aliyeishiwa hela atakubali chochote ili mwanawe atibiwe, na simlaumu hata kidogo. Ila yule mtoto mwenye kichwa kikubwa aliyepigwa picha akiwa uchi ili watu wachange, atafika sekondari, na wenzake watakuwa na simu.

Najua jibu litakalokuja: bila kuonyesha, watu hawaji hospitali. Hapo nawapa mfano wa fistula, lile tundu linalobaki baada ya uzazi mgumu na kumfanya mwanamke avuje mkojo au kinyesi. Wanawake wengi walijificha miaka wakiamini haitibiki. Hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, tangu 2009 imekuwa ikituma nauli kwa M-Pesa kupitia mabalozi wa vijijini wanaowatafuta wanawake hao na kuwaleta watibiwe. Kilichowaleta ni habari kwamba matibabu yapo, na nauli mkononi. Hakuna aliyelazimika kuuona mwili wa mwenzake. Aliyepona akitaka kusimulia mwenyewe, kwa sauti yake na kwa wakati wake, nani atamzuia?

Tena madaktari wenyewe wana kiapo. Tamko la Geneva la mwaka 1948, kama linavyosomeka sasa, linamtaka daktari atunze siri za mgonjwa hata baada ya kufa kwake. Kama siri ya marehemu inalindwa, mgonjwa aliye hai anayesubiri kutolewa nyuzi anastahili kusikia uvimbe wake umepata "likes" elfu kumi?

Sasa nawaachia. Madaktari mnaosoma hapa: mmewahi kumwomba mgonjwa picha akakataa, na mlipokea vipi? Na nyie mliowahi kuombwa mkiwa kitandani, mlijisikia huru kusema hapana?