Mpira wa mtoto umepasua kioo cha gari, naomba ushauri
Hamjambo wenzangu. Tunaishi Umoja, Nairobi, na watoto wa ploti yetu hawana pa kuchezea ila pale tunapoegesha magari. Jumamosi kijana wangu wa miaka 8 alipiga mpira ukatua kwenye kioo cha mbele cha gari langu. Ufa umetambaa kutoka kwenye waipa hadi usawa wa macho ya dereva. Bima yangu ni ya mtu wa tatu tu, ile ya lazima kisheria inayolipa hasara za watu wengine wala si za gari langu, kwa hiyo kioo ni juu yangu. Mlio na bima kamili, kioo kimewekewa kikomo cha shilingi ngapi? Na mtoto tangu siku hiyo hataki kutoka nje, hilo ndilo linaniuma zaidi. Nimwambieje?